Vijana wetu madaktari: Ubingwa nao ni fardhi kifaya

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mimi ni daktari kwa kazi, na katika msikiti ninaoswali hapa Tandale nimepewa nusu saa baada ya darsa la Jumamosi kujibu maswali ya afya. Kwa kawaida waumini huuliza kuhusu presha, sukari, na hukumu ya mgonjwa kufunga. Lakini miezi ya karibuni swali moja limekuwa likirudi tena na tena, na waulizaji ni vijana wetu wanaosoma udaktari au waliomaliza mafunzo ya vitendo hospitalini. Wanauliza: Dokta, nikasomee ubingwa wa nini, na nafasi naipataje?

Nimewajibu mmoja mmoja. Leo naomba niwajibu wote kwa pamoja kupitia safu hii, kwa sababu jawabu lenyewe haliwahusu wao peke yao. Linawahusu pia wazazi wao, waume zao, maimamu wetu, na kila Muislamu ambaye iko siku atalala juu ya kitanda cha hospitali.

Tuanze kwa kuelewana. Kwa utaratibu wa Tanzania Bara, kijana husoma shahada ya udaktari kwa miaka mitano. Kisha anafanya mafunzo ya vitendo kwa mwaka mmoja, akizunguka katika idara kubwa za hospitali. Akimaliza salama anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hapo ni daktari kamili. Akitaka kuwa daktari bingwa anarudi darasani na wodini kusomea shahada ya uzamili, ambayo wengi tunaiita MMed, kwa miaka mitatu, na baadhi ya fani au vyuo miaka minne. Juu ya hapo kuna ubingwa bobezi, kama vile wa moyo, figo au mishipa ya fahamu. Kwa hiyo anayechagua fani leo anachagua kazi atakayoifanya mpaka nywele zimuote mvi. Si jambo la kuamuliwa kijiweni.

Aliyoyalalamikia Imam Ghazali

Tumezoea kusikia fardhi kifaya ikitajwa msibani. Tukimuosha, tukimswalia na kumzika maiti, waliobaki nyumbani wamesamehewa. Asipojitokeza mtu, mji mzima una dhambi. Wanachuoni wetu hawakuishia kwenye maiti. Imam Abu Hamid al-Ghazali, katika Ihyau Ulumid-Din, kwenye mlango wa elimu, anautaja utabibu kuwa ni miongoni mwa fardhi kifaya, kwa sababu watu hawawezi kuishi bila ya kuutunza mwili.

Kisha akalalamika lalamiko ambalo mimi kila nikilisoma naona kama limeandikwa wiki iliyopita. Alisema kwa maana hii: miji mingi haina tabibu Muislamu, lakini wanafunzi wanasongamana kwenye fiq'hi, na hasa kwenye mijadala na mabishano, ambako wajuzi wamejaa tele. Akauliza, ni kwa nini wanaiacha fardhi isiyo na mtu na kukimbilia ile iliyokwisha kutoshelezwa? Jawabu lake lilikuwa chungu. Kwa sababu utabibu haukupi usimamizi wa wakfu, wala wasia, wala mali ya mayatima, wala cheo cha ukadhi.

Mwanangu unayesomea udaktari, usifurahi ukadhani Imam Ghazali amekusifu wewe na kuwalaumu wengine. Lalamiko lake sasa limehamia ndani ya udaktari wenyewe. Muulize daktari kijana kwa nini anataka fani fulani. Wengi watakuambia ina kliniki nzuri ya jioni, au haina zamu za usiku, au mtu huheshimiwa akiitaja ukweni. Ni wachache watakaokuambia nimeichagua kwa sababu nilikokuwa nafanya kazi hapakuwa na mtu wa kuifanya. Ni maradhi yaleyale aliyoyaona Ghazali, isipokuwa safari hii yamevaa koti jeupe.

Swali la kwanza: Pengo liko wapi?

Chukua mfano wa hapa kwetu. Mama wa Tandale, tuseme anakaa kule karibu na Mto Ng'ombe, anashikwa na uchungu usiku. Anapelekwa kituo cha afya kwa bajaji, mtoto amekaa vibaya, anapewa rufaa kwenda Mwananyamala. Sisi tukisikia amefanyiwa upasuaji na amepona tunamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha tunamshukuru daktari aliyempasua. Sawa. Lakini hesabu watu waliosimama nyuma ya upasuaji ule. Yupo aliyemlaza usingizi na kulinda pumzi zake. Yupo aliyepima damu na kuhakikisha haimdhuru. Yupo aliyempokea mtoto aliyetoka amechoka, hajalia. Ukimuondoa mmoja tu, kisu cha bingwa wa uzazi hakiwezi kumuokoa yule mama.

Nchi yetu imepiga hatua katika jambo hili na si vizuri kuificha neema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 104. Ni tofauti kubwa mno. Lakini 104 bado ni akina mama, kila mmoja ana jina na ana watoto. Na kazi iliyobaki ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu inahitaji mabingwa wale ambao vijana hawawakimbilii. Nao ni mabingwa wa usingizi na ganzi, wa watoto wachanga, wa patholojia wanaosoma vipimo na vinyama, wa magonjwa ya dharura, na wa afya ya akili.

Hilo la afya ya akili nalisema kwa uchungu. Mtaani kwetu kijana akianza kuzungumza peke yake, safari ya kwanza ni kwa mganga, ya pili kwa mwenye kombe, na ya tatu kufungwa kamba chumbani. Hospitali inakuwa ya mwisho, na wakati huo mgonjwa ameshaharibika. Mimi sipingi kisomo. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni katika mafundisho ya dini yetu. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufunza pia kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa, wala hakuyatoa maradhi ya akili katika hukumu hiyo. Fikirieni Muislamu ambaye ni bingwa wa afya ya akili, anayeijua dini yake, anayeweza kukaa na sheikh wakaongea lugha moja. Familia ngapi zingemsikiliza yeye kuliko kumsikiliza mtu mwingine yeyote? Pengo hilo ni letu sisi kulijaza.

Wala usiogope fani changa. Idara ya magonjwa ya dharura pale Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo ndipo mafunzo ya ubingwa wa fani hiyo yalipoanza nchini. Vijana wa mwanzo walioichagua waliulizwa na jamaa zao, dharura nayo ni ubingwa? Leo fani yao inajulikana na hospitali za rufaa zinawahitaji. Ni vivyo hivyo kwa moyo. Kabla ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kuanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wetu wengi wa moyo walikuwa wakingojea kupelekwa India. Upandikizaji wa figo wa kwanza hapa nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017. Kila mlango huo ulifunguliwa na watu waliokubali kusomea jambo ambalo wakati wanaanza halikuwa na wenyewe.

Swali la pili: Wewe unaweza nini?

Pengo peke yake halitoshi. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja alijeruhiwa zama za Mtume (s.a.w.), wakaitwa watu wawili wa Bani Anmar wamtazame. Mtume aliwauliza ni nani kati yao mjuzi zaidi wa tiba. Wanachuoni wamechukua hapo fundisho kwamba katika kila kazi hutafutwa aliye hodari zaidi. Na imepokewa katika hadithi nyingine kwamba anayetibu watu bila ya kujulikana kuwa ni mjuzi wa tiba atabeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Basi anayelazimisha fani asiyoiweza, kwa kuwa tu ina heshima, ajue kuna siku ya kuulizwa.

Utajijuaje? Nitakueleza ninavyowaambia vijana wa darsa.

Mosi, mwaka wa mafunzo ya vitendo usiupite kama mtu anayemaliza kifungo. Katika kila idara andika kwenye daftari lako mambo mawili: kazi gani uliifanya ukasahau kuangalia saa, na kazi gani ilikuchosha hata kabla hujaianza. Baada ya mwaka daftari hilo litakupa ushauri mzuri kuliko rafiki.

Pili, usiichague fani kwa kuangalia siku yake nzuri. Kila fani ina siku nzuri. Angalia siku yake mbaya, kisha jiulize kama unaweza kuibeba siku hiyo kwa miaka thelathini. Mtu wa uzazi siku yake mbaya ni mama aliyefia mikononi mwake saa tisa usiku. Mtu wa saratani ni kumwambia baba wa watoto kwamba dawa zimefika mwisho. Mtu wa patholojia ni kukaa na darubini mpaka jioni bila mgonjwa hata mmoja kumwambia ahsante.

Tatu, usiipende fani kwa ajili ya mwalimu mmoja mcheshi, wala usiichukie kwa ajili ya mwalimu mkali. Walimu hustaafu, fani utabaki nayo wewe.

Nne, kaongee na wale wanaosomea ubingwa sasa hivi, na uwafuate usiku wakiwa zamu. Mchana watakupa maneno ya mchana. Usiku watakuambia ukweli kuhusu ada, usingizi, mitihani na nyumba zao.

Tano, kama unaweza, kafanye kazi mkoani au wilayani mwaka mmoja au miwili kabla ya kuomba. Huko utaliona pengo kwa macho yako, na mikono yako itapata uzoefu. Namfahamu kijana aliyeondoka hapa Dar es Salaam akiapa kuwa atasomea upasuaji tu. Alirudi kutoka wilayani akaomba usingizi na ganzi. Nilipomuuliza, akasema kule wapasuaji walikuwapo, lakini wagonjwa walikuwa wakirudishwa wodini kwa kukosa mtu wa kuwalaza.

Swali la tatu: Utaingia kwa njia gani?

Hapa wengi hukwama, kwa hiyo tuseme wazi. Milango iko mingi kuliko wanavyodhani. Muhimbili, yaani MUHAS, ndiyo kongwe, mizizi yake ni chuo cha udaktari kilichoanza mwaka 1963. Lakini MMed hutolewa pia KCMC kule Moshi, Bugando Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, Kairuki pale Mikocheni na Aga Khan hapa Dar es Salaam. Usiombe chuo kimoja ukakaa kusubiri. Kwa wanaotaka upasuaji, ipo njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999. Hicho hakina jengo la kukusanya wanafunzi. Daktari hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha hufanya mitihani ya chuo.

Kuhusu fedha, elewa tofauti moja. Huko Marekani daktari aliye katika mafunzo ya ubingwa hulipwa mshahara. Kwetu yeye ni mwanafunzi, analipa ada. Kwa hiyo jiulize mapema ni nani atakayelipa. Kama ni mtumishi wa umma, mwambie mwajiri wako mapema ili jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo na upate ruhusa kwa maandishi. Ukiondoka kimya kimya unaweza kupoteza mshahara na kazi pia. Ufadhili wa Wizara ya Afya wa kusomesha mabingwa upo, nao umepanuliwa katika miaka hii ya 2020. Ufuatilie, na utazame ni fani zipi zinazopewa kipaumbele. Mara nyingi ni zilezile zenye pengo tuliyoyataja. Na usisahau deni la Bodi ya Mikopo, ambalo hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka iliyokuwa ikiwakosesha usingizi Waislamu wengi kwa kuogopa riba ilifutwa mwaka 2021. Lakini deni lenyewe liko palepale, na deni ni dhamana.

Ukipewa ufadhili utatia saini mkataba wa kurudi kufanya kazi. Soma kila mstari. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha waumini kutimiza mikataba. Haifai kusomeshwa kwa kodi ya muuza mahindi wa soko la Tandale, kisha siku ya kumaliza ukatafuta mlango wa nyuma wa kuikimbia hospitali uliyoahidi kuitumikia.

Katika maombi yenyewe, mfano wako awe Nabii Yusuf (a.s.). Qur'an inatueleza kwamba alipoomba kusimamia hazina ya Misri alitaja sifa mbili tu, kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Alizitaja bila kujikweza na bila uongo. Barua yako iwe hivyo. Eleza umefanya kazi wapi, umeona pengo gani, na unakusudia kufanya nini. Usiinakili barua ya mwenzako ukabadilisha jina. Waombe wadhamini wako barua mapema, na uwaombe wanaokujua kazini, si wenye majina makubwa wasiokukumbuka. Cheti cha kughushi usikiguse hata kwa ncha ya kidole. Mtume (s.a.w.) amemtoa mdanganyifu katika kundi lake, na alisema hivyo sokoni juu ya fungu la nafaka lililofichwa unyevu. Itakuwaje kwa anayedanganya juu ya roho za watu?

Kwa waliosoma nje, hasa wale ndugu zetu wengi waliokwenda Sudan, vita vya Aprili 2023 vimetoa funzo. Wapo waliotoka Khartoum na nguo walizovaa tu, vyeti vimebaki chumbani. Weka nakala za vyeti na matokeo yako mahali zaidi ya pamoja. Fuatilia utambuzi wa shahada yako kwa Tume ya Vyuo Vikuu, na ujiandae kwa mtihani wa Baraza kabla ya kufikiria ubingwa.

Tunataka daktari mwanamke, lakini ni binti wa nani?

Sasa nifike mahali ambapo baadhi ya ndugu zangu hawatapenda. Kila wiki naletewa ombi lilelile na akina baba. Dokta, mke wangu anajifungua mwezi ujao, nitafutie daktari mwanamke, na akiwa Muislamu itakuwa bora zaidi. Ni ombi la haki. Baraza la kimataifa la Fiq'hi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1993 huko Brunei, lilipanga utaratibu huo. Mgonjwa mwanamke atazamwe na bingwa mwanamke Muislamu. Asipopatikana, mwanamke asiye Muislamu aliye muaminifu. Asipopatikana, mwanamume Muislamu, na mwishoni mwanamume asiye Muislamu. Naye mwanamume asitazame ila kwa kiasi cha haja, na asiwe faragha na mgonjwa.

Hiyo ndiyo sehemu tunayoipenda na kuinukuu. Lakini kikao kilekile kilitoa wito wa kuwahimiza wanawake wasome tiba na kubobea katika fani zake zote, hasa ya uzazi na magonjwa ya wanawake, ili umma usilazimike kuishi kwa ruhusa za dharura. Sehemu hii hatuinukuu. Kwa nini?

Kwa sababu baba yuleyule anayeniomba daktari mwanamke ana binti ambaye ni daktari, na binti huyo akisema anataka kusomea ubingwa wa uzazi, nyumba inageuka baraza la kesi. Ataolewa lini? Atazaa lini? Zamu za usiku atakwenda na nani? Mume gani atakubali? Namfahamu binti mmoja wa eneo letu aliyepata nafasi ya MMed ya uzazi. Ada ikakosekana. Familia ikamwambia asubiri mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huohuo ikafanya harusi ya kaka yake, michango ikakusanywa wiki sita, ukumbi ukalipwa, gari likapambwa, watu wakala pilau wakashiba. Nafasi ya binti ikaenda kwa mtu mwingine. Sasa niambieni, kina mama wa Tandale watakaotazamwa na wanaume kwa miaka thelathini ijayo kwa sababu ya pilau ile, dhambi hiyo tumuandikie nani?

Si sawa kuwataka mabinti wa watu wengine wakeshe wodini kwa ajili ya wake zetu, huku tukiwafungia ndani wa kwetu kwa jina la dini. Dini yenyewe haikufanya hivyo. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, hema la kumuuguzia lilisimamishwa msikitini kwa Mtume (s.a.w.), na vitabu vya sira vinamtaja Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Mwanamke anatibu, na msikiti ndio uliompa nafasi.

Binti yangu, nawe nikuase. Unapoposwa, liweke jambo hili mezani kabla ya ndoa. Sema wazi kuwa unakusudia kusomea ubingwa, na miaka yake ni mitatu au minne. Una haki ya kuliweka kuwa sharti katika ndoa yako. Anayekimbia kwa sababu hiyo kabla ya nikaha amekupunguzia mashaka. Na ujue kwamba uzazi si fani pekee ya mwanamke. Tunahitaji wanawake katika radiolojia, upasuaji wa matiti, magonjwa ya ndani na usingizi pia, kwani sitara ya mama haianzii wala haiishii chumba cha kuzalia.

Na kijana wa kiume anayeuliza kama ni haramu kusomea uzazi, namjibu kwa nilivyowasikia masheikh wetu. Maadamu wanawake hawatoshi, ruhusa ipo, kwa adabu na mipaka yake. Usiku wa manane mama anapovuja damu hakuna anayeuliza jinsia ya aliyekuja kumuokoa. Lakini kama moyo wako unasita na fani nyingine zinakuhitaji, ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana.

Msikiti nao una sehemu yake

Mara nyingi tunalalamika kwamba Waislamu tuko wachache katika fani kubwa. Malalamiko hayajengi. Msikiti mmoja wenye waumini mia tatu, kila mmoja akitoa shilingi elfu moja kila Ijumaa, unakusanya shilingi laki tatu kwa wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni kumi na tano. Hilo ni fungu linaloweza kumsukuma daktari kijana mmoja, kwa sadaka au kwa mkopo usio na riba, akirudi amsaidie mwingine. Tunajua kuchangia vipaza sauti, mazulia na mabasi ya kwenda maulidini, na yote hayo ni kheri. Tujifunze pia kuchangia mtu. Mtu naye huweza kuwa sadaka yenye kuendelea, kwa elimu anayowanufaisha watu.

Mwisho, swali istikhara. Jabir (r.a.) amesimulia katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) akiwafunza maswahaba istikhara katika mambo yote kama anavyowafunza sura ya Qur'an. Lakini istikhara si kulala ukisubiri ndoto ikutajie jina la chuo. Ni kutafuta habari, kushauriana na wajuzi, kuazimia, kisha kumuachia Mwenyezi Mungu akurahisishie lenye kheri au akuepushe nalo. Ukikosa nafasi mwaka huu, rudi kazini, ongeza uzoefu, uombe tena mwaka ujao. Mlango uliofungwa mara moja si hukumu ya maisha.

Kwa hiyo, kijana wangu, mpangilio wa maswali yako uwe huu: umma unakosa nini, mimi naweza nini, na nitaipata kwa njia gani ya halali. Mshahara na heshima viache vije nyuma yako, visikutangulie. Nanyi wazazi na waume, kabla ya kuuliza kesho hospitalini kama kuna daktari mwanamke, ulizaneni leo nyumbani mmemfanyia nini aliye wenu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, nia safi na mikono yenye baraka, awaponye wagonjwa wetu, na asitufanye sisi kuwa kizuizi katika kheri aliyoikusudia kwa waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.